Kaunti Yenye Bunduki Moja

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa uwezo niliopewa mimi Orpha Lykins, Mjumbe wa Kudumu wa Kamati ya Uthibitisho, nautangazia umma wa karibu na wa mbali kwamba Kaunti ya Sorrel, hapa milimani Kentucky, imebaki na bunduki moja tu. Ni ya Mheshimiwa Mwenyekiti.

Msishtuke, wajukuu zangu. Zile nyingine hazikuibwa, hazikuchomwa moto, wala hakuna aliyekuja kuzichukua. Zipo palepale zilipokuwa: juu ya milango, nyuma ya makabati, chini ya vitanda vya wajomba. Ila si bunduki tena. Kila kitu kilichoundwa na mwanafunzi kwa ajili ya kujifurahisha sasa kinaitwa Kifaa Kirefu cha Mbao na Chuma Kinachosubiri Jina. Jina lenyewe hutolewa na Kamati. Na Kamati, kwa umakini wake, haijampa mtu.

Sizungumzii zile za dukani wanazowindia paa; hizo zina wakubwa wake huko mbali. Nazungumzia zetu, magobori ya gumegume, ya kushindilia kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia risasi mtutuni, kama walivyofanya wazee wa wazee wetu. Watu wa bonde hili hujifunza kuziunda kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa zimamoto. Si kazi, ni burudani. Kwingine mtu akistaafu huenda kuvua samaki. Kwetu akitoka mgodini hununua tupa na patasi, na mkewe hamwoni tena mpaka maharage yaive.

Burudani hiyo ilikuwa ikiendelea bila mkubwa, na hilo ndilo lililomuumiza Mheshimiwa Rayburn Stidham, Mwenyekiti wa Kaunti. Alirudi kutoka semina ya uongozi mji mkuu na kitambulisho shingoni ambacho hakukivua hata kanisani. Akasimama mlangoni mwa ukumbi wa zimamoto, akaona watu wanakwangua mbao, wanakunywa kahawa, wanacheka.

"Nani anasimamia hapa?" akauliza.

"Anasimamia nini?" mtu akamjibu.

"Hii furaha."

Hakuna aliyejitokeza. Muda si mrefu ikazaliwa Mamlaka ya Usimamizi wa Burudani za Kushindilia, yenye Mwenyekiti, ambaye ni yeye, na Kamati, ambayo ni sisi.

Wajumbe tulichaguliwa kwa sifa moja: kutojua. Mheshimiwa alilieleza jambo hili vizuri sana. Mtu anayejua bunduki, alisema, akiona nzuri ataipenda, na akiipenda ameshapendelea. Kwa hiyo haki haiwezi kutendwa ila na mtu asiyejua kitu. Bwana Dewitt Crum, mwenye nyumba ya mazishi, alipita bila kupingwa. Mimi nilihojiwa.

"Bibi Orpha, unajua chochote kuhusu bunduki?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akiziunda. Ninachojua ni kwamba vumbi lake halitoki kwenye shuka."

"Hilo ni suala la ufuaji," akasema Mheshimiwa, na nikawa mjumbe.

Sasa, Kamati haiwezi kupima bila kipimo. Ndiyo maana katika jengo la mahakama, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, kuna Bunduki ya Kielelezo. Mheshimiwa aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, kama anavyosema yeye, na kama asivyosema mtu mwingine. Kanuni ya Kwanza iko wazi: bunduki ni kile kinachofanana na Kielelezo na kutenda kama Kielelezo. Kanuni ya Pili: asiyekuwa na bunduki iliyothibitishwa haruhusiwi kufundisha. Kanuni ya Tatu: katika shindano la shabaha la kila mwaka, majani yakipukutika, hakitapigwa kitu chochote ambacho Kamati haijakiita bunduki.

Kanuni ya Pili ilimkuta mzee Elzie Hensley kitini pake.

Elzie ndiye aliyelifundisha bonde zima. Hakuna mkono hapa ulioshika tupa bila yeye kuusogeza kidole kimoja kushoto. Lakini bunduki zake zote alikwisha kuzigawa kwa wapwa na majirani, na mapafu yake aliyaacha mgodini, kwa hiyo hakuwa na cha kuleta mbele ya Kamati. Mheshimiwa akampelekea taarifa kwamba kuanzia siku hiyo si mwalimu.

"Sawa," akasema Elzie. "Nikae tu?"

"Kukaa kunaruhusiwa."

"Na kukohoa?"

Mheshimiwa akafikiri, maana ni mtu wa haki. "Kukohoa ni suala la afya," akasema. "Haliko chini ya Mamlaka hii."

Basi Elzie akawa anakaa karibu na jiko, shuka mapajani, anakohoa. Akikohoa mara moja, mwanafunzi anaendelea kukwangua. Mara mbili, anaacha hapohapo. Kikiwa kirefu chenye mluzi mwishoni, maana yake umeharibu, tafuta ubao mwingine. Mheshimiwa alikuja kukagua Alhamisi moja, akasimama kitambo kirefu, akaondoka ameridhika kwamba hakuna mafunzo yoyote yanayofanyika.

Aliyekoholewa kuliko wote ni binti wa Elzie mwenyewe, Verlie, mpishi wa shule yetu ya msingi. Verlie ni mwanamke mpana, mcheshi, mwenye mikono inayoweza kuinua sufuria ya maharage ya watoto wote wa kaunti. Wakati baba yake anafundisha watu, yeye alikuwa na watoto wa kulea, hakujifunza. Mzee alipoanza kutembea na mtungi wa hewa, ndipo Verlie alipokuja ukumbini na gogo la ule mti wa utomvu mtamu uliokuwa nyuma ya nyumba yao, uliolazwa na dhoruba, akasema, "Baba, nionyeshe."

Ilimchukua muda mrefu. Mbao ilikuwa na mistari ya asili kama mgongo wa paka, na alipoipaka rangi na kuipitishia moto, mistari ikasimama, ukadhani inapumua. Kwenye kifuniko kidogo cha shaba ubavuni mwa kitako hakuchonga nyota wala moyo kama wengine. Alichonga ndoo ya chakula, ile aliyokuwa akibeba baba yake kwenda shimoni.

Elzie aliishika, akaipapasa kwa kidole gumba kutoka mdomoni hadi kitakoni, hakukohoa hata kidogo. Kisha akasema, "Kifaa Kirefu hiki, mwanangu, kinafanana sana na bunduki."

"Usiseme hivyo, Baba, utafungwa."

"Nataka kuisikia ikilia," akasema. "Daktari ananihesabia siku hadi majira ya baridi tu. Mimi nataka kuisikia kabla ya hapo, uwanjani, mbele ya watu, si kwa kujificha nyuma ya banda. Nikishaisikia, hayo mengine nitaongea na daktari."

Kwa hiyo Verlie akaileta mbele yetu.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha juu cha mahakama. Tulikuwa na vifaa vyote vya kisasa: kioo cha kukuzia ambacho Mheshimiwa alikipenda kwa sababu kilikuza jicho lake, na mizani ya viazi kutoka jikoni kwangu. Wakati tunamsubiri Mheshimiwa amalize simu, nilichangamsha kikao.

"Kitendawili!"

"Tega," akasema Bwana Dewitt, kwa sauti yake ya kupokea wafiwa.

"Mwanangu ana mdomo mmoja, hulia kwa mdomo huo na hutapika kwa mdomo huohuo."

Bwana Dewitt akatafakari. "Marehemu?"

"Marehemu hatapiki, Bwana Dewitt."

"Hujakaa nao, Bibi."

Verlie alikuwa amekaa mbele yetu, gobori lake mapajani, mdomo juu. Alilitazama, akanitazama, akauma midomo asicheke.

Mheshimiwa akarudi. "Hicho kitendawili kimo kwenye ajenda?"

"Hakimo, Mheshimiwa."

"Basi hakina jibu. Tuendelee."

Tulikipima Kifaa. Mizani ilionyesha kwamba kina uzito, tukaandika hivyo. Bwana Dewitt alikipitishia kiganja, akafumba macho. "Mbao nzuri," akasema. "Mtu angelala humo kwa raha zake." Mheshimiwa yeye aliweka jicho lake kubwa kwenye kitako.

"Hii mistari inakwenda wapi?"

"Inakwenda ilikokwenda kwenye mti, Mheshimiwa," akasema Verlie.

"Ya Kielelezo haiendi popote."

"Labda Kielelezo kimepakwa rangi ya kiatu."

"Na hii ndoo?"

"Ni ndoo ya chakula ya baba yangu."

"Mapambo yanayotambuliwa ni nyota, moyo, mwezi, na uso wa Mwenyekiti ukitazama kushoto," akasema Mheshimiwa. "Kirudishwe. Hakifanani na Kielelezo."

Niliomba iandikwe kwamba nimepiga kura ya ndiyo na ya hapana, zote mbili, ili nisionekane nimependelea.

Verlie si mtu wa kukata tamaa. Alirudi akapaka mbao rangi ya giza mpaka mistari ikafifia, akafunika ndoo kwa kibati chenye nyota. Alipokileta tena, Mheshimiwa alikigeuza upande huu, upande ule, uso ukamwiva.

"Hiki kinafanana mno na Kielelezo," akasema. "Huku ni kughushi."

"Mheshimiwa, mara ya kwanza hakikufanana."

"Na mara hii kimefanana. Huoni unavyoyumba? Mamlaka haiyumbi. Inakataa vilevile."

Nilimsindikiza Verlie hadi ngazini. Hakulia. Alikibandua kile kibati kwa kucha, ndoo ikatokea tena, akaifuta kwa pindo la koti.

"Shangazi," akaniambia, "mimi sitaki cheti. Nataka aisikie."

"Kamati inakuelewa kabisa, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo maana imekataa."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyemwaga chumvi kwenye kahawa, akateremka.

Siku ya shindano ikafika, jua zuri, milima imewaka nyekundu na njano. Malisho ya nyuma ya kanisa yalijaa pikapu. Tulipika maharage na mkate wa mahindi, na paja la nguruwe la chumvi, ile zawadi ya mshindi, lilining'inia kwenye nguzo likiwaita mbwa wa kaunti nzima. Shindano la mwaka huu lilipangwa vizuri kuliko yote: lilikuwa na mshindani mmoja. Watu wengine waliruhusiwa kuleta Vifaa vyao Virefu na kuvilaza juu ya meza ndefu, vitazamwe na visipigwe.

Verlie alimleta baba yake. Mtungi wa hewa uliachwa kwenye pikapu mbali kule, maana hewa ile na baruti hazipatani. Tukamweka Elzie kwenye kiti karibu na meza, blanketi hadi kidevuni.

"Unaweza kukaa bila mtungi kwa muda gani, Baba?" Verlie akamuuliza.

"Inategemea na hotuba," akasema Elzie.

Mheshimiwa alipanda jukwaani na Kielelezo mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka kwenye kabati, na wengi walitoa heshima zao kwa kunyoosha shingo. Mpigapicha wa gazeti la kaunti akapiga goti. Mheshimiwa alisema atazindua msimu kwa kupiga yeye mwenyewe risasi ya kwanza, ambayo kwa mujibu wa ratiba ilikuwa pia ya mwisho, na kwamba atashindilia mbele ya umma huku akihutubia, ili wanafunzi waone jinsi uongozi na ufundi vinavyokwenda pamoja.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Burudani isiyo na usimamizi ni nini? Ni fujo iliyovaa tabasamu!"

Akazungumza. Akazungumzia semina. Akazungumzia furaha holela na madhara yake kwa uchumi. Nilimtazama Elzie: midomo ilikuwa imeanza kupata ile rangi ya zabibu. Verlie alikuwa amechuchumaa pembeni yake, anahesabu pumzi za baba yake kwa macho, gobori lake limelala mezani, haliruhusiwi hata kukunja uso.

"Umakini!" akasema Mheshimiwa. "Umakini ndio baruti ya maendeleo!" Na kwa neno hilo akachukua risasi, akaifunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya nguruwe, akaiweka mdomoni mwa mtutu, akashika mdeki.

Elzie akakohoa mara mbili.

Watu wote wa Alhamisi waliganda mahali walipokuwa, kwa mazoea. Mheshimiwa hakuganda. Alishindilia, shindi, shindi, shindi, akisisitiza kila aya kwa mdeki. Elzie akakohoa tena mara mbili, kwa nguvu zaidi.

"Mpeni mzee maji," akasema Mheshimiwa kwa upole.

Nikampelekea. Alinishika mkono. "Orpha," akaninong'oneza, "hajatia baruti."

"Mzee Elzie," nikamwambia, "wewe huna cheti cha kufundisha."

Akacheka, na safari hii akakohoa kikohozi cha kweli.

Mheshimiwa alitia chembe zake za baruti kwenye kisahani cha nje, pale jiwe linapogonga, maana hapo ndipo panapoonekana kwenye picha. Akainua, akalenga, akafyatua. Jiwe likagonga, cheche zikaruka, moshi kidogo ukafuka karibu na sikio lake. Halafu ikawa kimya. Ng'ombe wa upande wa pili wa uzio aliendelea kutafuna.

Akatia chembe tena, akafyatua tena. Moshi. Kimya.

Hapa niseme jambo moja ambalo kila mtu kwetu analijua. Kwenye gobori, baruti huingia kwanza, risasi baadaye. Anayeongea sana wakati wa kushindilia husahau baruti, akabaki na risasi imekaa ndani kabisa ya mtutu kama mgeni aliyefika kwenye arusi siku ambayo si yake. Hakuna aliyejifunza bila kufanya kosa hilo, na lina desturi yake: aliyelifanya huvishwa kofia ya sufu yenye sura ya kuku, yenye kishungi chekundu na macho ya vifungo, na hukaa nayo mpaka jua litue. Marehemu mume wangu aliivaa mara nyingi hata ikashika umbo la kichwa chake.

Hakuna aliyecheka. Ila nyuma ya umati kuna mtu alitoa kofia kwenye pikapu. Ikaanza kuja, mkono kwa mkono, taratibu, kwa heshima zote, kuelekea jukwaani. Mheshimiwa aliiona inavyokuja. Mpigapicha naye aliiona, akabadilisha goti.

Nikaona Kamati ina wajibu wa kumsaidia kiongozi wake. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, naomba mwongozo."

"Sema, Bibi Orpha, sema haraka."

"Kanuni ya Kwanza inasema bunduki ni kile kinachotenda kama Kielelezo. Sasa tumeona Kielelezo kikitenda. Hakijalia. Kamati ijue vipi: Kielelezo kimekosea, au tulikuwa hatujui bunduki ni nini?"

Kofia ilikuwa imefika kwa Bwana Dewitt, mstari wa mbele. Aliishika kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama shada la maua.

Mheshimiwa alitazama kofia. Alitazama kamera. Akanyoosha kitambulisho chake.

"Kielelezo hakikosei," akasema kwa sauti ya juu. "Mmeshuhudia kiwango cha juu kabisa cha usalama! Bunduki iliyokamilika hailii. Kulia ni utoto wa bunduki. Kuanzia leo, na iandikwe, bunduki ni ile isiyolia!"

Bwana Dewitt, ambaye hutii maandishi, akaikunja kofia na kuitia mfukoni. Watu wakanong'onezana. Verlie akasimama.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba nielewe. Hiki changu hapa mezani, kikilia?"

"Basi si bunduki!"

"Hata kidogo?"

"Hata chembe! Ni kelele tu zenye kitako!"

"Na kama si bunduki, kina haja ya ruhusa yako?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi, pasitoke kitu, kama ule wa kile alichokuwa amekishika mkononi. Nikamsaidia tena, maana hiyo ndiyo kazi yetu.

"Mheshimiwa, Mamlaka ni ya bunduki. Kelele zina kitako, lakini hazina kanuni."

"Mamlaka hii," akasema Mheshimiwa polepole, akilitazama kila neno linavyotoka, "haishughuliki na vitu visivyo bunduki."

"Ahsante sana, Mheshimiwa," akasema Verlie, na tayari alikuwa ameshika kitu chake kisicho bunduki.

Alikuja mstarini. Mikono ile ya kuinua sufuria iliharakisha mno, na baruti kidogo ikamwagika kwenye majani. Baba yake alimwona. Elzie alivuta pumzi, tukangoja kikohozi. Hakukohoa. Alisema.

"Tulia, Verlie. Mimina tena. Siendi popote."

Tangu ile taarifa ya Mamlaka hatukuwa tumeisikia sauti yake ikifundisha. Wanaume wazima walitazama viatu vyao.

"Vizuri. Sasa risasi. Taratibu, sio unga wa mkate huo. Mdeki mpaka chini... hapo. Umeusikia unavyogota?"

"Nimeusikia, Baba."

"Haya. Inua. Usiikimbize shabaha, ingoje ije. Ukiwa tayari, usiniambie."

Hakumwambia. Moshi ulitangulia, kisha mlio, kisha mlima wa ng'ambo ukaurudisha mlio, na mlima wa nyuma yake ukaurudisha tena. Ng'ombe aliacha kutafuna. Ubao wa shabaha ulivunjika pembe ya kushoto, mbali kabisa na katikati, mahali ambapo hata paja la nguruwe halikuwa na wasiwasi.

Verlie alimgeukia baba yake, uso wote masizi. Elzie alikuwa amefumba macho. Midomo rangi ya zabibu, tabasamu kubwa. Tulishtuka kidogo, hata Bwana Dewitt alisogea hatua moja, kikazi. Kisha mzee akafumbua jicho.

"Rudi nyuma, Dewitt," akasema. "Inavuta kushoto hiyo. Majira yakigeuka tutainyoosha."

"Daktari amesema majira gani, Baba?" Verlie akauliza, huku anacheka na anafuta macho kwa pamoja.

"Daktari hana gobori. Nipeleke kwenye mtungi wangu."

Walipomwondoa, watu waliinuka mmoja mmoja, wakaenda kwenye meza ndefu, wakachukua kila mtu kelele yake yenye kitako, na malisho ya nyuma ya kanisa hayakutulia mpaka jua lilipoegemea mlima. Paja la nguruwe lilichukuliwa na mjane mmoja wa ng'ambo ya mto, ambaye aliligawa palepale kwa kisu.

Napenda kuufahamisha umma kwamba Mamlaka haikufa. Inafanya kazi kuliko zamani. Inasimamia bunduki zote zisizolia katika Kaunti ya Sorrel, yaani moja, na mmiliki wake, yaani Mheshimiwa, huletwa mbele ya Kamati kila mwezi na kuhojiwa ipasavyo. Tunamuuliza kama bunduki imelia. Anasema haijalia. Tunampongeza. Tunaipima kwenye mizani ya viazi: ina uzito zaidi kuliko ilipokuwa kabatini, kiasi cha risasi moja hivi, na tumeandika kwamba inanenepa na afya yake ni nzuri. Kuitoa hiyo risasi haiwezekani, kwa sababu Mheshimiwa hajakiri kwamba imo, na anayeweza kuagiza Kielelezo kiguswe ni Mheshimiwa.

Alhamisi iliyopita nilikuwa ukumbini nachemsha kahawa. Elzie alikuwa kitini, mtungi wake unapuliza, anamsema Verlie kuhusu tupa. Mlango ukafunguka. Akaingia Mheshimiwa, kitambulisho hakipo shingoni, kitu kirefu amekizungusha kwenye shuka la maua.

"Hamjambo," akasema. "Nina rafiki yangu mmoja. Ana shida ndogo na gobori lake. Risasi imekaa ndani, na rafiki huyo, kwa kweli, hajawahi kulifungua. Hajui hata linafunguliwa wapi."

"Si aliliunda mwenyewe?" akauliza Verlie.

Mheshimiwa akatazama sakafu. "Rafiki alilikuta limekwisha kuundwa."

Verlie alimtazama baba yake. Elzie alikohoa mara moja.

"Mwambie rafiki yako anakaribishwa," akasema Verlie, akaenda pembeni, akarudi na ufagio. "Lakini hapa hakuna anayegusa chuma kabla ya kujua vumbi la mbao linalala wapi. Kila mtu alianzia huku."

Kwa niaba ya Kamati, naripoti kwamba rafiki huyo anafagia vizuri sana, mpaka kwenye pembe, na hahutubii.